Azalea au waridi la jangwani? Maua ya kupanda Malindi na ya kuwaachia walio kwenye baridi

Kila ikifika mwezi wa tano dadangu anayeishi Ohio, Marekani, hututumia picha za azalea zake kwa WhatsApp, na kila mwaka mambo huwa ni yale yale: mamangu anaichukua simu, anaisogeza mbali kidogo ndo aone vizuri, anasema mashallah, alafu ananigeukia, "Mwanangu, na sisi si tupande hizi hapa barazani?" Na kweli azalea ikichanua huoni hata jani, kichaka chote kinageuka ua. Ila swali hili nshaulizwa na mamangu, na shangazi wa Shela (Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu), na jirani aliyehamia kutoka Nakuru na ambaye haamini kwamba kuna kitu kinamea Nakuru na hapa kisimee, mpaka nimeona bora niandike yote pamoja, maua matano yakae ubavu kwa ubavu, kila mtu achague kulingana na ardhi yake na maji yake.

Mwenye haraka achukue hili: kama uko Malindi, Watamu au Lamu, una jua la kutosha na unatumia maji ya kisima, panda waridi la jangwani. Ukitaka harufu ongeza asmini. Ukiwa na ukuta mrefu na huna muda wa kumwagilia, bogenvilia. Iksora ni ya mtu mwenye tangi la maji ya mvua na mwenye subira. Azalea mwachie ndugu yako aliye kwenye baridi, na huyo naye nimemwekea yake huko chini maana hata huko kuna azalea zinazokufa msimu wa kwanza.

Sasa tuanze na udongo, na hapa nitakaa sana kwa sababu watu wengi wanadhani shida ya azalea kwetu ni joto peke yake. Joto ni nusu tu. Fanya hivi: chukua kijiko kimoja cha udongo mkavu kutoka pale unapotaka kupanda, uweke kwenye kisahani, umwagie siki ya jikoni. Mimi nilifanya na udongo wa mbele ya nyumba yetu, upande huu wa baharini, ukachemka, povu jeupe likapanda na ukiweka sikio karibu unasikia kisauti chembamba kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hiyo ni chokaa. Ardhi yetu ya pwani imekaa juu ya matumbawe, mchanga wenyewe mwingi ni makombe na matumbawe yaliyosagika miaka na miaka, na nyumba zetu tumezijenga kwa mawe yale yale, kwa hivo hata ukileta udongo mzuri ukauweka kando ya ukuta, chokaa ya ukuta itashuka na mvua iufuate.

Azalea inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) kama 4.5 mpaka 6. Ukiipanda kwenye chokaa, madini ya chuma yamo ndani ya udongo lakini yamefungika, mizizi haiwezi kuyachukua, na mmea unakufa njaa huku chakula kipo. Utaijua kwa majani: jani jipya linatoka la manjano lakini mishipa yake inabaki kijani, kama ramani ya mito. Nliwahi kununua azalea moja Limuru, kwenye nasari ya kando ya barabara, ilikuwa na maua mekundu na vichomozo tele, nikaipakata mapajani usiku kucha kwenye basi mpaka Malindi. Nliitilia kwenye chungu kikubwa, nikaiwekea samadi, nikaiweka kivulini, kila asubuhi nikaimwagilia maji ya kisima. Wiki ya tatu ile ramani ya mito ikaanza juu kwenye majani machanga. Wiki ya tano ncha za majani zikakauka rangi ya kahawia, hiyo nayo ni chumvi ya kisima. Haikuiona masika. Iliniuma kwa sababu niliitunza kweli, na ndo nikaelewa kwamba kumwagilia kwangu ndiko kulikoimaliza, maana hata ukijaza chungu makumbi ya nazi na majani yaliyooza, kila kopo la maji ya kisima unalomwaga linarudisha chokaa mle ndani. Angalia ukingo wa chungu cha mtu yeyote anayetumia maji ya kisima huku kwetu, utaona ule utando mweupe.

Alafu kuna baridi. Azalea hufunga vichomozo vya maua wakati wa joto, kisha vile vichomozo vinalala, na vinataka wiki kadhaa za baridi ndo viamke, wanaozikuza kwa biashara huziweka mahali penye chini ya nyuzi 10 kwa wiki kadhaa kabla ya kuziuza. Malindi usiku hata wakati wa kusi, miezi ya saba na ya nane, ni shida kushuka chini ya nyuzi 20. Kwa hivo tuseme umefanikiwa kuiweka hai kwa maji ya mvua na udongo wa kuletewa, utakachokua nacho ni kichaka cha majani. Ukitaka kujua wapi Kenya azalea itakubali angalia panapostawi chai, manake chai na azalea zinapenda udongo wa aina moja, wenye asidi, na usiku wa baridi. Limuru, Kericho, huko sawa. Jirani yangu wa Nakuru akirudi kwao aijaribu ila apime udongo kwanza.

Sasa iksora. Hii naiweka kando ya azalea kwa sababu kwa macho ndiyo inayofanana nayo zaidi kati ya hizi zetu, kichaka cha kijani mwaka mzima, vishada vya maua madogo madogo mekundu, ya machungwa au ya manjano, unaweza kuikata ikawa ua wa nyumba ulionyooka. Joto inalipenda. Haitaki baridi hata kidogo. Lakini udongo wake ni ule ule wa azalea, inataka asidi, na watu wengi hawalijui hili wanaipanda kando ya ukuta wa simenti alafu wanashangaa mbona imegeuka manjano. Jirani wa nyuma yetu alipanda safu nzima kando ya ukuta mpya, miche ilikuwa mizuri kweli ilipotoka nasari, baada ya miezi sita yote ya manjano isipokuwa mmoja wa mwisho kabisa uliokuwa mbali na ukuta, pale bomba la paa la mabati linapomwaga maji ya mvua. Mche ule mmoja ulikuwa kijani, mweusi kabisa kwa ukijani. Nikamwambia shangazi, jibu lako ndo hilo hapo, usiulize mtu tena.

Kwa hivo kati ya azalea na iksora kwa mtu wa pwani, iksora inashinda kwa sababu shida zake ni mbili badala ya tatu, na hizo mbili (udongo na maji) unaweza kuzitatua kwa chungu. Changanya udongo mwekundu wa kutoka bara, huku kwetu watu hutoa upande wa Magarini, na makumbi yaliyokatwakatwa na samadi iliyooza vizuri, juu yake tandaza majani makavu ya mvinje, na umwagilie maji ya mvua. Kama huna tangi la maji ya mvua usijisumbue, nasema kwa nia njema kabisa, pesa yako itakua imeenda.

Waridi la jangwani ni habari nyingine. Hili halikuletwa na mtu, ni letu, linamea lenyewe kwenye nchi kavu kuanzia Sahel ya Afrika Magharibi mpaka huku Afrika Mashariki na Uarabuni, kwa hivo jua letu na ukame wetu ndo nyumbani kwake. Shina lake limevimba chini kama chupa, mle ndani limeweka maji. Maua ni ya waridi yenye kati nyeupe, makubwa, na jambo ninalolipenda ni kwamba linachanua hasa wakati wa kaskazi, pale kila kitu kingine kwenye ua kimekunja majani. Chokaa halijali sana. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo linavumilia, bora tu chungu kiwe na tundu kubwa na udongo uwe wa kichanga uliochanganywa na kokoto ndogo. Jua la masaa sita na zaidi. Maji mara moja kwa wiki, na wakati wa baridi yetu hata siku kumi.

Adui yake ni masika. Mwezi wa tano mvua ya Malindi ikikaza wiki nzima, lile shina lililovimba linaoza kuanzia chini, na kwa juu hutajua kitu, majani bado mazuri, mpaka siku unaligusa na kidole kinazama. Kwa hivo chungu kiingie chini ya baraza mvua ikianza. Ukigusa ukakuta pamelainika, litoe, kata sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu, liache likauke kivulini siku kadhaa bila udongo ndo ulipande tena, mimi nimeliokoa moja namna hiyo na sasa lina matawi manne. Mwingine wa kumwangalia ni kiwavi mmoja mnene wa kijani mwenye macho mawili ya buluu mgongoni karibu na kichwa, si macho ya kweli ni alama tu za kutisha ndege. Huyo anakula majani yote kwa usiku mbili. Mtafute jioni kwa tochi umtoe kwa mkono.

Na utomvu wake ni sumu, hilo lisemwe wazi. Wazee wa zamani waliutumia kupaka mishale. Ukikata tawi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho, na kama una mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni chungu kiwe juu. Mbuzi wao hawaligusi, na kwenye mtaa wenye mbuzi wa kuzurura kama wetu hilo ni jambo kubwa. Azalea nayo ni sumu vile vile, majani na maua, kwa hivo upande huo zote mbili ziko sawa. Iksora na asmini hazina shida hiyo.

Kitu kimoja waridi la jangwani linashindwa: kama unataka kijani mwaka mzima, halitakupa. Linaweza kupuputisha majani likabaki fimbo na maua. Mamangu hakulipenda kwa hilo mwanzoni, alisema limekaa kama limekufa lakini limevaa.

Bogenvilia wote mnaijua kwa hivo nitapita upesi. Asili yake ni Brazili, ikachukuliwa na Wafaransa waliozunguka dunia kwa meli miaka ya 1760 wakaipa jina la nahodha wao, na ile rangi unayoiona siyo ua, ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kale kadogo keupe kati kati. Chokaa haiijali, upepo wa chumvi haiujali sana, na ukiinyima maji ndo inachanua zaidi. Kosa la watu ni kuipenda kupita kiasi, samadi na maji kila siku, inatoa majani tu na matawi marefu. Shida yake ni miiba. Malindi kwenye kiwanja kipana sawa, lakini Lamu mjini, vichochoro vile ambavyo punda mwenye mzigo akipita wewe unajibana ukutani, tawi la bogenvilia lililoning'inia usawa wa uso si uungwana kwa wapita njia. Huko ipande juu darini.

Asmini sasa. Hapa silinganishi kwa haki kwa sababu naipenda, lakini nitajaribu. Kwa sura haiwezi kushindana na azalea, ni viua vidogo vyeupe kwenye kichaka kisichokaa vizuri. Ila azalea nyingi hizi za kijani mwaka mzima hazina harufu yoyote ya maana, dadangu mwenyewe amekiri, na asmini ikifunguka baada ya magharibi inajaza nyumba. Lamu ndo utaona thamani yake, wanawake wanachuma vichomozo alasiri kabla havijafunguka, wanavitunga na mrehani na mkadi wanafanya vikuba, na kikuba kinafungukia kifuani au kwenye nywele mwa mtu usiku ule ule. Hakuna ua lingine kati ya haya matano unaloweza kulifanyia hivo.

Inataka maji zaidi ya waridi la jangwani na bogenvilia, karibu kila siku wakati wa kaskazi. Maji ya chumvi sana haiyapendi, kisima cha chumvi kidogo inavumilia lakini utaona umanjano, hapo samadi ya punda iliyooza inasaidia, na Lamu samadi ya punda haikosekani. Baada ya kila msimu wa maua ikate theluthi moja, maua yanatoka kwenye matawi machanga. Na kwenye nyumba za Lamu za kizamani, ile kiwanda ya ndani (uwanja ulio wazi katikati ya nyumba) inayopata jua la mchana tu na asubuhi na jioni ni kivuli, asmini inakubali. Waridi la jangwani ukiliweka hapo litarefuka bila maua, hilo lipeleke juu darini pamoja na bogenvilia.

Nlisema nitarudi kwa walio kwenye baridi. Dadangu azalea yake ya kwanza aliinunua dukani imechanua ndani ya chungu kimefungwa karatasi inayong'aa, kibandiko kimeandikwa azalea tu basi, akaipanda nje, baridi ya kwanza ikafa yote. Zile za karatasi huwa ni aina za kukuzwa ndani, haziwezi theluji. Kama uko mahali panaposhuka hadi -20, uliza jina la ukoo wake. Mbili ambazo dadangu alibaki nazo ni za Girard, zilizozalishwa na Peter Girard mji wa Geneva huko huko Ohio, na za Gable, za Joseph Gable wa Stewartstown, Pennsylvania, ambaye alichanganya azalea ya Korea ndani yake ndo zikapata ugumu. Kati ya hizo mbili, Girard ana majani yanayong'aa na maua makubwa na kichaka kinakaa kifupi, Gable anarefuka zaidi, na ile nyekundu yake inayoitwa Stewartstonian majani yanageuka rangi ya damu ya mzee wakati wa baridi, si ugonjwa, yanarudi kijani. Zile za Glenn Dale, aina 454 zilizotolewa na Morrison wa idara ya kilimo ya Marekani kule Maryland, ni nzuri mno na kuna chaguo la kila rangi lakini kwa Ohio nyingi ziko ukingoni, zinafaa zaidi kuanzia Maryland kushuka. Kurume za Kijapani na zile mpya za Encore zinazochanua tena vuli yao, hizo ni za baridi ya wastani. Aliye London hana haja ya kuhangaika hivi, karibu zote zitamfaa.

Kupanda kwake dadangu alinifundisha mambo mawili ambayo nayaona ni muhimu kuliko mbolea. Moja, usizike. Mizizi ya azalea ni myembamba kama nywele na inakaa juu juu, ile tonge ya mizizi ibaki imeinuka vidole viwili juu ya ardhi, alafu ufunike kwa magamba ya msonobari. Pili, imwagilie kwa wingi kabla ardhi haijaganda, kwa sababu jani la kijani linaendelea kupoteza maji na upepo wa baridi huku mzizi umefungwa na barafu, wengi wanadhani imekufa kwa baridi kumbe ni kiu. Na ukiona majani mengine yanapukutika vuli usitishike, azalea hizi huangusha majani ya mwanzo wa msimu na kubaki na yale ya mwisho.

Hapa nyumbani mambo tuliyamaliza hivi. Barazani, pale mamangu alipotaka azalea, pana waridi la jangwani vyungu vitatu, na nyuma yake dirishani kwake asmini, kwa hivo usiku anapata harufu akiwa kitandani. Mwaka huu lile kubwa lilitoa tunda kwa mara ya kwanza, yale maganda mawili yamekaa kama pembe za mbuzi, nikayafunga kwa uzi mapema maana yakipasuka mbegu zina manyoya kila upande na kaskazi inazipeperusha mpaka kwa jirani. Nimepata mbegu arubaini na kitu, nimezilaza juu ya mchanga kwenye trei, kumi na saba zimeota na tayari zimeanza kuvimba chini kama dengu. Shangazi wa Shela ameshaandikiwa sita. Zilizobaki nitazihamisha kwenye mikebe masika yakipita, na anayetaka apite tu nyumbani, ila aje na chungu chenye tundu.